Hewa Iliyo Juu ya Mpaka

Simu inapotuambia tumesimama wapi, haituoni, husikiliza tu. Setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu yetu hutangaza saa zao kwa mawimbi ya redio, nayo simu hukokotoa muda wa safari ya wimbi na kuuzidisha kwa mwendo wa nuru. Safari hiyo haifiki sehemu 9 za 100 za sekunde. Basi wimbi likichelewa kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, hesabu hukosea kwa mita 300.

Na kuchelewa huchelewa kila siku. Katika tabaka la juu liitwalo ionosfia, jua huzibandua elektroni kutoka katika chembe za hewa, nazo hulikawiza wimbi. Sisi wa Embu hatukubahatika katika jambo hili. Ikweta ya sumaku ya dunia hupita Ethiopia. Elektroni hupandishwa juu yake, kisha huteremka kaskazini na kusini na kurundikana huko. Kenya iko chini ya mteremko wa kusini. Kosa huwa kubwa zaidi kama saa nane za mchana, na jua likiisha kutua tabaka hilo huweza kuchafuka hata mawimbi yakayumba.

Nimepata kuwaona ndugu wawili wakishindana kando ya majani chai, kila mmoja ameshika simu yake kama hati ya hakimu. Mmoja alipima alfajiri, mwenziwe mchana, na mistari yao ikaachana kwa hatua nne. Sisemi ionosfia peke yake ndiyo iliyowagombanisha, maana miti na kilima navyo huyapotosha mawimbi. Lakini mpaka wenyewe ni ua uliopandwa na wazee wao wakati wa kuunganisha mashamba, baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, na ua ule haukuhama.

Setilaiti hutangaza pia makadirio ya kusahihisha, ila hayo huondoa kama nusu tu ya kosa. Mpima ardhi ana hila iliyo bora: hupokea mawimbi mawili ya masafa mbalimbali. Wimbi la masafa ya chini hukawia zaidi. La kwanza likikosea kwa mita 10, la pili hukosea kwa mita 16 na nusu hivi. Kipokezi hakizijui 10 wala 16. Hukiona kile kitengo cha 6 na nusu tu, na kwa kuwa uwiano wa masafa haubadiliki, hulipata kosa lote na kulitoa. Kwangu mimi, hii ni miongoni mwa hesabu nzuri kuliko zote za somo la fizikia.

Hewa hii ya chini tunayoivuta haidanganywi hivyo, kwa kuwa huyachelewesha masafa yote sawasawa, kiasi cha mita 2 na zaidi hata setilaiti ikiwa utosini. Dawa yake ni kuweka kipokezi cha pili mahali panapojulikana barabara, ili makosa ya vyote viwili yatoane. Lakini ukikiweka Kiritiri penye joto na ukavu, kisha ukapima Kianjokoma ndani ya ukungu wa Julai, vipokezi hivyo havivuti hewa moja. Mpima mwangalifu hukiweka karibu, na kwa kimo kinacholingana na shamba.