Msuli wa Usiku

Mwaka 1998 nilikuwa nafundisha Hisabati katika sekondari ya kutwa pembezoni mwa Arusha. Bangi haikutafutwa kwa tochi. Ilishuka kutoka vijiji vya Arumeru, ikafika vijiweni ikiwa misokoto ya karatasi za daftari, na baadhi ya daftari hizo, nadhani, nilikuwa nimezisahihisha mwenyewe.

Wavulana waliopanga mageto karibu na shule waliamini inafungua akili. Walipiga msuli hadi majogoo, na kabla ya kufungua vitabu walivuta kidogo "ili viingie". Nilimsikia mmoja akimhakikishia mwenzake: "Ukipuliza, ukisoma kitu mara moja hakitoki." Na usiku ule kweli alijiona ameelewa kila kitu. Asubuhi ndipo hesabu zilipomuumbua.

Yupo mmoja ninayemkumbuka kuliko wote. Alitoka shule ya msingi akiwa moto wa kuotea mbali. Kidato cha tatu bado aliitaja MAGAZIJUTO bila kukwama: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Lakini mpe swali la hatua nne. Akifika ya pili, ya kwanza imeshamtoka. Anasimama, chaki mkononi, anaukodolea ubao macho.

"Mwalimu, nilikuwa nimefika wapi?"

Hakuwa akinidhihaki. Nikimwonyesha anaendelea, kisha anapotea tena.

Shuleni dawa ilikuwa moja: viboko, halafu barua kwa mzazi. Mama yake alikuja, akaketi ofisini, akasema: "Mwalimu, mwanangu si chizi. Anakula, anaamkia wakubwa, namtuma dukani anarudi na chenji." Hofu ya kila mtu wakati ule ilikuwa ukichaa. Asiyeokota makopo barabarani alihesabiwa mzima. Kumbukumbu inayovuja kidogo kidogo na umakini usiodumu vikaitwa uvivu. Kijana yule aliacha shule kabla ya mtihani wa kidato cha nne.

Miaka mingi baadaye nilisoma utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliochapishwa 2012. Watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa 1972 na 1973 walifuatiliwa tangu utotoni hadi umri wa miaka 38. Walioanza bangi kabla ya utu uzima na kuing'ang'ania miaka nenda rudi walishuka kwa wastani wa alama 8 hivi katika vipimo vya akili. Walioanza ukubwani hawakuporomoka namna hiyo. Wapo wataalamu waliopinga, wakisema huenda ni hali za maisha zilizochangia, na hoja yao ina uzito. Mimi lakini nilikuwa nimeuona ubao. Ubongo huendelea kujijenga hadi mtu avuke miaka 20, na THC, kemikali inayolevya katika bangi, hunasa kwenye vipokezi vilivyojaa sehemu inayotunza kumbukumbu mpya.

Halafu ipo bangi ya maabara. Mkemia wa Marekani, John Huffman, alitengeneza kwa ajili ya utafiti kemikali zinazoiga THC. Wafanyabiashara wakazidaka, wakazinyunyizia majani makavu na kuyauza Ulaya kwa jina la Spice, huku pakiti ikisema si kwa matumizi ya binadamu. THC huviamsha vipokezi vile nusunusu; nyingi ya kemikali hizi huviamsha kikamilifu. Kijana aweza kupata degedege au kuona yasiyokuwapo kwa pumzi chache. Anayeambiwa ni bangi tu iliyotiwa kwenye pakiti ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

La kutia moyo lipo. Mwaka 2018 watafiti wa Boston walionyesha kuwa vijana walioacha bangi kwa mwezi mmoja walipata nafuu ya kumbukumbu, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilionekana katika wiki ya kwanza.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, ukimwona mtoto aliyekuwa mwepesi sasa anapotea katikati ya swali, usingoje aokote makopo. Weka kiboko chini, umuulize anavuta nini na tangu lini, kisha umwite mzazi wake mzungumze mapema.