Dakika Mbili za Kanombe

Wajukuu zetu hapa Rwezamenyo, Kigali, hupanda ndege kama sisi tulivyopanda basi la Butare, na hilo latufurahisha. Kinachotushangaza ni manung'uniko yao: mbona rubani amesimama tu, ilhali ndege iliyomtangulia imekwisha potea machoni? Sisi tuliorusha ndege miaka ya 1980 tunajua anachongoja.

Bawa linalobeba uzito huacha nyuma ya ncha yake kimbunga kilicholala, kisichoonekana. Ndege ikiwa nzito na ya polepole, nguvu ya kimbunga hicho huzidi. Na wakati wa kupaa ndege huwa yote mawili. Vimbunga hivyo hushuka taratibu huku vikichukuliwa na upepo, na hewa ikitulia ndipo hudumu zaidi. Aliyewahi kuingia humo hasahau: usukani umekatwa hadi mwisho, na bawa bado linalala. Tukiwa na ndege ndogo ya Twin Otter nyuma ya ndege kubwa za Ulaya, tulinyanyuka kabla ya pale alipoinukia mkubwa, tukakaa juu ya njia yake au tukaelekea upande utokako upepo. Tulikuwa na saa, mfuko wa upepo na subira. Kwa vitu hivyo tuliwafikisha watu makwao.

Kanuni hizo zililipiwa. Tarehe 30 Mei 1972, huko Texas, DC-9 ya mafunzo iliyokuwa ikija kutua nyuma ya DC-10 ilipinduliwa karibu na ardhi. Wote 4 walikufa. Tarehe 12 Novemba 2001, New York, Airbus A300 ilipaa nyuma ya Boeing 747. Msukosuko wenyewe usingeiangusha. Rubani msaidizi alikanyaga pedali za usukani wa mkia kwa nguvu, huku na huku, hadi mkia ukang'oka. Wakafa watu 265. Wazee wenzangu waliposikia habari ile walitazama miguu yao.

Vijana wa leo wanavipima vimbunga kwa leza, na kwenye viwanja vikubwa wameweza kupunguza muda wa kungoja. Heko kwao. Lakini kwenye uwanja wetu wa ndege wa Kanombe, Dash 8 ndogo ikiifuata Airbus A330 kubwa, dakika mbili za kungoja bado ni dakika mbili. Ombi langu kwa marubani vijana ni moja: waambieni abiria mnachongoja. Wa enzi zetu hawakuuliza, nasi tukanyamaza. Hawa wanauliza, na wana haki ya kujibiwa.