Misimu ya Popo wa Pemba

Katika kisiwa cha Pemba, ambako wazee wetu waliuhisabu mwaka kwa pepo na mvua kabla ya kuuhisabu kwa miezi, kila chenye kuliwa kilikuwa na msimu wake: karafuu ilikuwa na wake, maembe yalikuwa na wake, na popo, namkusudia yule mkubwa mwenye uso wa mbweha na manyoya mekundu ya hudhurungi, ambaye mbawa zake zikikunjuliwa hukaribia urefu wa mtu mzima, naye pia alikuwa na wake. Zama za utoto wangu, mtu akisema kwamba msimu wa popo umeingia, hapakuwa na aliyedhani kuwa anakwenda kuwatazama.

Mjomba wangu, mtu mpole aliyependwa na jirani zake wote, alikuwa na maarifa ya mambo haya kupita wengi. Alijua kwamba kaskazi ikivuma, maembe yakaiva na zambarau zikaanza kuanguka, popo hushuka hata kwenye miti iliyo ubavuni mwa nyumba, na hapo ndipo alipotega nyavu baina ya matawi au kupaka ulimbo. Alijua pia kwamba kusi ikishika, matunda yakawa haba, huifuata misufi iliyopukutisha majani ikabaki na maua matupu, nao hupambanuka juu ya tawi kama mchana usiku wa mbalamwezi. Masika hakutoka, kwa kuwa uzi ulioroa huwa mzito na njia za mabondeni huteleza. Katika majirani wako waliokula nyama ile kwa raha, na wako waliojizuia kwa hoja ya dini, wala hatukupata kuona ugomvi kwa sababu hiyo.

Kilichoyapindua mambo ni bunduki. Mwenye wavu hungoja usiku penye mti wenye matunda, akapata wawili watatu akarejea kwake. Lakini mwenye bunduki huwaendea mchana katika miti wanayolala, ambako kundi zima limening'inia, dume na jike na mwana aliyemshika mamaye kifuani, na risasi moja yenye marisau haichagui. Na mnyama huyu kwa desturi huzaa mmoja tu kwa mwaka, hata kinachotolewa kwa siku moja huhitaji miaka kurejeshwa. Juu ya hayo, miti mikubwa ilikwisha kukatwa kwa mashamba na kuni, yakasalia maficho machache: msitu wa Ngezi huko kaskazini magharibi, baadhi ya mikoko, na vichaka vya makaburini ambavyo watu waliona haya kuvitia shoka. Nilipokuwa mtu mzima, kaskazi ziliingia na kutoka, maembe yakaoza chini ya miti yake, ilhali wageni wetu wa usiku wakihisabika.

Wakati ule wengi wetu hatukujua kwamba kinachotutoka hakipatikani pahala pengine duniani. Wataalamu walikuwa wamekwisha kumwandika popo huyu tangu mwaka 1909 na kumpa jina la Voeltzkow, mtafiti wa Kijerumani. Na jamaa zake wamo visiwani, Mafia, Ngazija na Madagascar, na mbali zaidi huko Asia na Australia, lakini bara la Afrika, ambalo siku ya uwazi huweza kukisiwa upande wa magharibi, halina hata mmoja. Katikati ya miaka ya 1990 waliobaki walikisiwa kuwa elfu chache tu, wakatiwa katika orodha ya wanyama wanaokaribia kutoweka kabisa.

Ndipo idara ya misitu ya Zanzibar, ikisaidiwa na jumuiya ya Fauna & Flora International ya Uingereza, ilipoanza kusema na wanavijiji, si kwa amri peke yake bali kwa kuunda vikundi vya wenyeji vyenye kuyalinda malalo yaliyomo mipakani mwao. Huko Kidike, baina ya Chake Chake na Wete, watu waliuhifadhi msitu wao mdogo wakawakaribisha wageni kwa kiingilio. Haukupita sana muongo mmoja, hisabu mpya ikaonyesha popo zaidi ya 20,000 katika kisiwa kizima.

Nilipokwenda Kidike baada ya miaka mingi ya kukaa ugenini, nilimkuta mzee akiwaeleza wageni misimu ya popo, na katika maelezo yake sikusikia neno ambalo mjomba wangu hakulijua: mti gani hutangulia kuiva, upepo gani huwaleta karibu, saa gani huamka. Elimu ilikuwa ile ile ya mtegaji, nayo haikupotea hata kidogo. Kilichobadilika ni haja ya kuitumia. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo siri ya kufaulu kwa jambo hili, kwamba hawakuletewa walinzi wasioijua miti, bali ulinzi walipewa wale wale waliokuwa wakijua wapi pa kutega.

Basi msomaji ukijaaliwa kufika Pemba, chagua mojawapo ya misimu miwili. Kipupwe, tangu Juni hata Agosti, njia ni kavu na hewa ni ya baridi kidogo, nawe waweza kukaa chini ya malalo muda mrefu bila taabu. Kaskazi, tangu Disemba hata Februari, joto ni kali, lakini utawaona adhuhuri wakijipepea kwa mbawa zao, na usiku utawasikia wakigombania maembe. Masika yaache yapite. Fika alasiri, keti kimya, wala usimwombe mwenyeji wako apige makofi ili waruke upate picha, maana kurushwa mchana huwachosha bure, na mwenye mwana hutaabika kuliko wote. Ngoja magharibi, wataruka wenyewe.