Stelingi Anayezungumza Lugha ya Mama

Nimekulia Newala, kwenye nyumba ya wachonga mpingo. Mjomba akikaa na tezo yake chini ya mkorosho, sura iliyotoka kwenye gogo ilikuwa ya kwetu: bibi mwenye chale na ndonya, au ukoo mzima uliobebana mabegani. Mimi nilikuwa mchoraji wa daftari, na katika daftari langu kila stelingi alikuwa na nywele za singa na pua iliyochongoka. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Ndivyo walivyokuwa wote niliowaona kwenye kibanda umiza.

Kilichonibadilisha ni katuni. Mwaka 2019, nikiwa mwalimu Masasi, nilitazama Spider-Man: Into the Spider-Verse, iliyotoka Desemba 2018. Inawakutanisha akina Spider-Man kutoka malimwengu tofauti. Yupo wa rangi nyeusi na nyeupe tupu, yupo msichana aliyechorwa kama katuni za Kijapani, yupo hata nguruwe. Kila mmoja kaja na mtindo wa kwao, na hakuna aliyelazimishwa kufanana na mwenzake ndipo apewe nafasi. Katikati yao ni Miles Morales wa Brooklyn, mtoto wa polisi Mmarekani mweusi na mama muuguzi mwenye asili ya Puerto Rico.

Ngozi yake niliiona mara moja, nikafurahi. Lakini kilichonikaa moyoni ni Kihispania. Kinaingia nyumbani kwao na mtaani kwao, na filamu haiweki maandishi ya kukifafanua. Asiyekijua atafuata uso na sauti. Kisha kijana huyohuyo anapelekwa shule ya bweni, kwa watoto asiowazoea. Wanafunzi wangu wengi ndio yeye! Nyumbani Kimakua au Kiyao, darasani Kiswahili, sekondari Kiingereza, na kadiri wanavyosonga mbele ndivyo lugha ya nyumbani inavyofichwa. Mimi mwenyewe nilipokwenda kusoma Dar es Salaam nilisikia lafudhi yetu ikiigizwa ili watu wacheke, nikaanza kuiminya.

Tangu hapo sikuwaambia tena watoto wachore shujaa tu. Nawaambia wachore shujaa anayeishi kwao, waniambie anateka maji wapi na anamwamkia bibi kwa lugha gani. Msichana mmoja alimchora stelingi anayeruka kutoka Shimo la Mungu, pale Newala uwanda unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma likaonekana chini, akapandisha maji juu. Aliyewahi kununua ndoo ya maji Newala wakati wa kiangazi anajua kwamba hiyo ni kazi ya shujaa hasa. Mvulana mwingine alimpa wake kinyago cha midimu. Nilimuunga mkono, maana mtu kuvaa kinyago na kuwa kiumbe kingine hatukujifunza Marekani. Kwetu Wamakonde, wali wakitoka jandoni, midimu, yaani wachezaji waliovaa vinyago, wanacheza.

Peter Ramsey, mmoja wa waongozaji watatu wa filamu ile, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kutwaa Oscar ya filamu bora ya katuni. Mwaka 2023 akawa mtayarishaji mtendaji wa Kizazi Moto, filamu fupi 10 za Waafrika zilizorushwa na Disney+. Jina ni la Kiswahili. Waongozaji walitoka Zimbabwe, Uganda, Afrika Kusini, Nigeria, Kenya na Misri. Tanzania haimo, na hilo linaniuma, kwa sababu mikono tunayo: Ubongo Kids, katuni ya Dar es Salaam, imekuwa ikiwafundisha watoto kwa Kiswahili tangu 2014.

Ndugu zangu mnaochora Dar, Arusha na Zanzibar, siku mtakapomtengeneza stelingi wetu wa kusimama na mashujaa wa filamu hizo, msimvishe kanga mkadhani mmemaliza. Mpeni kijiji chenye jina. Mwacheni aongee Kimakonde na bibi yake, bila maandishi ya chini. Nanyi wazazi wa Masasi na Newala, malipo ya korosho yakiingia, wanunulieni watoto penseli za rangi.