Ukoo wa wakulima uliohifadhiwa na kalamu ya kasisi

MPENZI msomaji, hebu jaribu zoezi hili dogo kabla hujageuza ukurasa. Taja jina la baba yako, kisha la babu yako, kisha la baba ya babu yako. Wengi wetu tutafika hapo bila taabu. Sasa panda kizazi kimoja zaidi. Mke wa mzee huyo aliitwa nani? Alizaliwa kijiji gani? Alizikwa mwaka upi? Hapo ndipo ulimi unapoanza kuwa mzito, na hilo si ajabu wala si aibu. Kumbukumbu ya mdomo ina mipaka yake.

Nakuuliza hivyo kwa sababu kusini mwa Ujerumani kuna jamaa za wakulima wa kawaida kabisa ambazo zaweza kukutajia mababu zao kwa kurudi nyuma zaidi ya miaka 350, wanaume kwa wanawake, pamoja na siku waliyobatizwa na siku waliyozikwa. Usidhani ni koo za kifalme. Ni watu waliolima nafaka na mizabibu, wakafuga ng'ombe wawili watatu, na wengi wao hawakuwa na mali ya kuwaingiza katika vitabu vya historia. Kilichowahifadhi ni kitabu cha kanisa.

Huenda umekwisha kukutana na wana wawili wa jamaa za namna hiyo. Tangu shule ya msingi tumefundishwa habari za Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na mwenzake Johannes Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846 wakaanzisha misheni ya Rabai. Tunajua kwamba Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya mwaka 1849. Lakini ni wangapi kati yetu waliofundishwa kwamba Krapf alikuwa mtoto wa mkulima wa kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, na kwamba Rebmann naye alitoka katika nyumba ya wakulima huko Gerlingen, karibu na Stuttgart? Vijiji vyote viwili viko katika eneo la Württemberg, na Württemberg ni mahali ambapo vitabu vya kanisa vilianza mapema mno.

Mimi nilivutiwa na jambo hili kupitia kwa rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu Mjerumani anayeishi hapa Nairobi, ambaye watu wa upande wa mama yake walikuwa wakulima wa huko. Jioni kadhaa nimeketi naye mbele ya kompyuta yake tukisoma kurasa zilizopigwa picha, maana siku hizi si lazima mtu asafiri. Tangu mwaka 2015 makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Ujerumani yameweka picha za vitabu vyao katika tovuti iitwayo Archion, na anayetaka kuzisoma hulipa ada.

Mwaka 1558 Mtawala Christoph wa Württemberg aliamuru kila kasisi aandike ubatizo na ndoa katika kanisa lake. Vitabu vya mazishi vilikuja baadaye. Tusije tukadhani kwamba alifanya hivyo kwa kuwapenda wakulima. La hasha! Serikali na kanisa walitaka kujua nani amebatizwa na nani hajabatizwa, kwani kulikuwa na watu waliopinga ubatizo wa watoto wachanga, nao walikuwa wakisakwa. Walitaka pia kuzuia ndoa za jamaa wa karibu. Kwa ufupi, kitabu kilikuwa jicho la mkubwa juu ya mdogo. Ajabu ni kwamba jicho hilohilo ndilo lililomfanya mdogo asisahaulike.

Kazi yenyewe hufanywaje? Kanuni ni moja: toka kwa unachokijua uende kwa usichokijua, hatua kwa hatua. Kuanzia mwaka 1876 serikali ya Ujerumani iliandikisha vizazi, ndoa na vifo nchini kote, kwa hivyo miaka ya karibu hutafutwa katika ofisi ya msajili. Kabla ya hapo, wengi hutafutwa kanisani. Ndoa hukupa majina ya baba za maarusi. Majina hayo hukupeleka kwenye ubatizo, ubatizo hukupa wazazi wawili, nao wazazi hukurudisha kwenye ndoa yao. Ukiruka hatua moja tu, utajikuta umeshika ukoo wa jirani.

Mitego nayo ni mingi. Wa kwanza ni majina. Wavulana wengi mno walibatizwa Johann na wasichana wengi wakabatizwa Anna au Maria, lakini jina ambalo mtu aliitiwa nyumbani mara nyingi lilikuwa la pili. Krapf mwenyewe ni mfano mzuri. Kitabu chake cha safari kilichochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1860 kinamtaja kama J. Lewis Krapf, yaani Ludwig, na ile Johann imebaki herufi moja tu. Aidha, jina la ukoo la mwanamke liliongezewa mkia. Binti wa akina Müller aliandikwa Müllerin, na asiyejua hilo atautafuta ukoo wa Müllerin mpaka jua litue.

Mtego wa pili ni mwandiko. Makasisi walitumia mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Herufi ya e hufanana na n, na u hujulikana tu kwa alama ndogo iliyopinda juu yake. Isitoshe, maneno ya Kilatini huchomoza katikati ya sentensi.

Mtego wa tatu ni kalenda. Wakatoliki wa mji wa Rottenburg, ulio karibu na Tübingen, walifuata kalenda mpya zaidi ya miaka 100 kabla ya majirani zao Walutheri. Watu wa Württemberg waliokwenda kulala tarehe 18 Februari 1700 waliamka tarehe 1 Machi! Kwa hivyo, kabla ya mwaka huo, vijiji viwili vilivyoonana kwa macho vingeweza kuandika tarehe tofauti kwa siku moja.

Ukishaivuka mitego hiyo, ndipo unapoanza kuwaona watu wenyewe. Rafiki yangu alinionyesha jamaa moja ya mababu zake ambamo jina la Johann Georg limeandikwa mara tatu miongoni mwa watoto wa baba na mama wale wale. Maelezo yako katika kitabu cha mazishi. Wawili wa kwanza walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kando ya jina la kila mmoja kasisi ameandika neno Gichter, na neno hilo halihitaji kamusi ndefu kwetu sisi: ni degedege. Wazazi hawakukubali jina lipotee, wakampa mtoto wa tatu. Huyo ndiye aliyeishi, na rafiki yangu ni wa uzao wake. Sisi ambao huwapa watoto wetu majina ya marehemu tunaelewa vyema walichokuwa wakifanya wazazi wale.

Kwingine nafasi ya jina la baba iko tupu. Ni mtoto wa nje ya ndoa, na kasisi hakusita kuliandika jambo hilo waziwazi, miaka 200 kabla ya mimi na wewe kulisoma. Mama yake, mtumishi wa shambani, hana la kujitetea katika ukurasa ule. Lakini wazazi wa ubatizo wametajwa. Ukiwasoma vizuri unajua ni nani kijijini aliyekubali kusimama na mama yule mbele ya watu.

Kuanzia mwaka 1808 makanisa ya Württemberg yalianza pia kuandika sajili za familia, ukurasa mmoja kwa kila nyumba. Hapo ndipo unapoona ardhi ikiwaishia watu. Desturi ya sehemu kubwa ya Württemberg ilikuwa kuwagawia watoto wote urithi sawa, wavulana kwa wasichana. Ni desturi ya haki, lakini baada ya vizazi kadhaa shamba lilikuwa kamba nyembamba ambayo jembe la ng'ombe lilipata shida kugeuka ndani yake. Msomaji aliyeona ekari za babu zikigawanywa kuwa ploti atanielewa bila maelezo zaidi.

Kisha ikaja balaa. Mwaka 1815 volkano ya Tambora ililipuka huko Indonesia, na majivu yake yakafunika anga kiasi kwamba mwaka 1816 Ulaya haikupata kiangazi. Mavuno yalioza shambani. Njaa ya mwaka 1816 na 1817 iliiumiza sana Württemberg, na maelfu wakafunga virago kwenda Urusi na Marekani. Krapf alikuwa mtoto wa miaka 6 hivi wakati huo. Katika sajili, safari kubwa kama hiyo huandikwa kwa maneno mawili tu kando ya jina: "kwenda Amerika". Baada ya hapo, kurasa za kijiji huwa kimya kumhusu mtu huyo.

Kuna kimya kingine kikubwa zaidi. Baada ya vita vya Nördlingen mwaka 1634, majeshi yaliipora Württemberg, na tauni ikafuata nyuma yake. Vijiji vilibaki mahame na vitabu vingi viliteketea. Ndiyo sababu koo nyingi za wakulima hukomea karibu na mwaka 1650, na mtafutaji hugonga ukuta. Wachache wenye bahati ndio hufika hadi karibu na mwaka 1558.

Msomaji wangu, ningeweza kuishia hapo tukabaki na hadithi tamu ya mababu. Lakini jioni moja rafiki yangu alitoa kwenye bahasha kijitabu kidogo kilichokuwa cha babu yake. Kilikuwa na orodha ya wazazi, mababu na mabibi, kila mstari ukiwa na muhuri wa kanisa. Kijitabu cha namna hiyo kiliitwa Ahnenpass, yaani pasi ya mababu, na kilitumika wakati wa utawala wa Hitler.

Tarehe 7 Aprili 1933 ilitolewa sheria iliyowaondoa Wayahudi katika utumishi wa serikali, na wafanyakazi wakatakiwa kuonyesha mababu zao walikuwa nani. Tarehe 29 Septemba mwaka huohuo ikaja sheria ya mashamba ya urithi. Mkulima aliyetaka shamba lake litambuliwe chini ya sheria hiyo alipaswa kuwa hana damu ya Kiyahudi wala ya watu weusi katika ukoo wake, kwa kurudi nyuma hadi tarehe 1 Januari 1800. Ushahidi ungetoka wapi? Bila shaka ni katika vitabu vya kanisa. Makasisi walifurika maombi ya vyeti. Kalamu iliyomwandika mtoto wa degedege ikawa shahidi wa kuamua nani ni mtu na nani si mtu. Wakristo ambao mababu zao walikuwa Wayahudi waliobatizwa walitambuliwa kwa maandishi yaleyale ya ubatizo, na wengine wao hawakuponea.

Nilimwuliza rafiki yangu kama haoni vibaya kutumia kijitabu kile kama mwanzo wa utafiti wake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba babu yake aliyatafuta majina yale ili kuthibitisha nani hayumo, na yeye anayatafuta ili kujua nani walikuwemo. Waama, majina hayakubadilika hata moja. Kilichobadilika ni swali.

Jibu hilo limenikaa moyoni, kwa maana sisi nasi hatuko mbali na hatari hiyo. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kuna Wakenya waliojua uzito wa jina la ukoo waliposimamishwa njiani na kuulizwa wanaitwa nani. Mtu aweza kuhitimisha kwamba heri koo zisahaulike kabisa. Mimi sikubaliani. Kisu kinachoweza kuua ndicho kinachokata mboga jikoni. Anayezijua nasaba zake kwa undani, pamoja na wageni waliolelewa ndani yake, wanawake waliotoka mbali na watoto ambao baba zao hawakutajwa, ni vigumu kudanganywa kwamba ukoo wake ni damu moja safi tangu kuumbwa kwa dunia.

Kwa hivyo nina ombi kwako, hasa wewe mwanafunzi uendaye likizo mashambani. Chukua daftari na kalamu uketi na nyanya. Usimwulize tarehe, mwulize matukio: nzige, njaa, reli, vita. Andika majina ya wanawake pamoja na ya wanaume, na vijiji walikotoka. Andika watoto waliokufa wakiwa wachanga, kwani nao walipewa majina. Tafuta kadi za ubatizo na vipande vya zamani vilivyofichwa masandukuni. Ikiwa wazee wako walibatizwa, mwombe kasisi au padri wa huko kwa adabu akuonyeshe kitabu cha kanisa, kwa kuwa makanisa makongwe ya humu nchini nayo yalirithi desturi ya kuandika.

Ukimaliza, andika nakala ya pili umpe ndugu yako anayeishi nyumba nyingine, maana moto na mchwa hawana huruma. Na katika ukurasa wa kwanza, eleza kwa sentensi moja daftari hilo limeandikwa kwa ajili gani, ili atakayelifungua baada ya miaka 100 asije akaliuliza swali lisilofaa.