Paka si Najisi, Kinyesi Chake Ndicho

Nyumba yetu ya Feri haijapata kukosa paka. Akaaye karibu na wauza samaki hana haja ya kumtafuta. Paka humjia mwenyewe, akaota jua barazani, akangoja vichwa vya samaki. Mwaka jana, mke wa ndugu yetu alipochukua mimba ya kwanza, jirani alitujia na shauri: paka atiwe guniani, avushwe Likoni akatupwe, kwani nywele zake huharibu mimba. Gunia tulikwisha kulitafuta, bibi yetu akatuzuia. "Ulizeni kwanza, wanangu. Msimdhulumu kiumbe kwa maneno ya barazani."

Siku ya kliniki tukamuuliza muuguzi.

Ugonjwa upo, nao huitwa toksoplazmosisi. Kimelea chake kiligunduliwa mjini Tunis mwaka 1908 na Charles Nicolle na Louis Manceaux, katika mnyama mdogo wa jamii ya panya. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi, kisha hutoa vijiyai vyake katika kinyesi kwa wiki 1 hadi 3 hivi, aghalabu mara moja tu maishani. Navyo haviambukizi papo hapo. Huhitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Ndiyo maana kinyesi kikiondolewa kila siku, hatari hupungua mno.

Mwenye afya njema aghalabu hahisi kitu. Wa kuogopewa ni mwenye kinga dhaifu, na mama anayeambukizwa mara ya kwanza akiwa mjamzito: kimelea chaweza kumfikia mtoto tumboni, kikamdhuru macho au ubongo, au mimba ikaharibika.

Lililotushtua ni hili: wengi hukipata kwa chakula. Nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa vyema, mikono yenye udongo. Tukatazamana. Wifi yetu alikuwa akimkimbia paka, na huku kila jioni akiagiza mishkaki isiyokaushwa sana.

Tulirudi nyumbani tukabadili mwendo. Nyama hupikwa hata isibaki wekundu ndani. Kisu na ubao uliokatiwa nyama mbichi huoshwa kwa sabuni kabla ya kukatiwa kachumbari. Sanduku la mchanga la paka husafishwa kila asubuhi na ndugu yetu, si mkewe. Vyungu vya asumini na mrehani hatunzi ila kwa glavu, kisha hunawa mikono. Naye paka hapewi tena utumbo mbichi; hula kilichochemshwa.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kwamba paka si najisi, na akatuonya kwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hata akafa njaa. Kinyesi chake, hata hivyo, ni najisi, na najisi huondolewa. Dini ilikwisha kututenganishia mambo hayo mawili. Sisi ndio tuliokuwa tukiyachanganya, tukataka kumtupa asiye na kosa na kukiacha chakula chenye hatari mezani.

Mama mjamzito mwenye shaka na amwone daktari mapema. Kipimo cha damu kipo na dawa zipo.

Mtoto wetu amezaliwa salama, alhamdulillahi. Gunia lile bibi alilitia makaa.