Kwenye Ubao Hakukuwa na Mbuzi

Kaloleni, Kisumu

Mwanangu,

Baba yako alinipigia simu juzi, sauti imejaa fahari utadhani aliyefaulu ni yeye. Umepata leseni, umepata kazi Kisumu, na umenunua Vitz unayotaka kuileta mwenyewe kutoka Mombasa. Nikamwambia, mwambie aje na basi, gari litafuata. Akacheka. Basi, maji umeshayavulia nguo, na mimi shangazi yako nimeyaoga miaka zaidi ya 30. Keti usome.

Najua walivyokutahini. Ulisimamishwa mbele ya ule ubao uliochorwa mji, ukapewa kigari cha kuchezea, ukaambiwa ukitoe hapa ukifikishe pale, upitie raundabauti, utaje njia unayoingilia na unayotokea. Mimi nilikisukuma mwaka 1991, nina mimba ya miezi saba, na mtahini ananiuliza kama mume wangu anajua niliko. Nilitamani kumwambia kwamba reli ilipofika ufukwe huu tarehe 20 Desemba 1901, aliyegongomea msumari wa mwisho alikuwa mwanamke, Florence Preston, mke wa mhandisi, na hapa pakaitwa Port Florence. Lakini siku ile nilikuwa nataka leseni, sikutaka ushindi. Nikanyamaza, nikasukuma kigari.

Mji wa ubaoni ni msafi mno. Hauna vumbi, hauna mvua, hauna anayekujua. Na hauna mbuzi.

Hapa mbuzi wapo. Asubuhi mapema utawakuta wamelala juu ya lami Nyalenda na Manyatta, kwa sababu lami inashika joto na wao wameligundua hilo kabla yetu. Piga honi uone: watakutazama kama unayewadai. Shusha kioo, gonga mlango kwa kiganja, wanaondoka. Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonigharimu taa ya mbele: mbuzi mzazi akishavuka, usiondoe gari. Mwanawe bado yuko upande wa pili, ndiyo kwanza amegundua ameachwa, na atakuja mbio bila kuangalia kushoto wala kulia. Mpira ukikatiza barabara, hesabu ni hiyohiyo, ila hapo anayekuja nyuma ni mtoto wa mtu.

Boda boda nazo zina darasa lake. Miaka ya tisini boda ya Kisumu ilikuwa baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma. Jina lenyewe limetoka huko mpakani Busia, ambako vijana wa baiskeli walivusha watu baina ya Kenya na Uganda. Mtu akikugonga na baiskeli mlisameheana, mkaulizana habari za nyumbani. Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, baiskeli zikapata injini na sisi tukapata presha.

Mwenye boda haonyeshi taa anapotaka kukata kona. Anatoa mguu. Mguu wa kulia ukitoka, anaenda kulia, au ndala inataka kumvuka, au anapunga upepo. Utajua baadaye. Kuhusu mzigo, usishangae kitu. Nimeona kochi, nimeona jeneza, nimeona mbuzi amekaa katikati ya watu wawili kama mtu wa tatu aliyelipa nauli. Siku moja nimesimama Kondele, kijana akanipita na samaki mbuta aliyelazwa kiti kizima, kichwa kushoto na mkia kulia. Ule mkia ukanipiga kioo cha pembeni, pa, kikajikunja. Yule kijana akageuka, akasema, "Pole mathe," naye samaki kama aliitikia kwa kichwa. Nilikwenda na harufu ile siku tatu.

Usigombane nao. Ukigusana na mmoja, kabla hujafungua mlango watakuwa 20, na wote walishuhudia, hata yule aliyekuwa mbali kule Ahero. Shuka polepole, anza na salamu, uliza kama ameumia, na uulize kwa kumaanisha. Wengi wao ni vijana wanaolisha nyumba kwa kile chombo, na barabara inawaumiza wao kabla haijatuumiza sisi tulio ndani ya bati.

Tuktuk sina mengi. Chukulia kwamba inaweza kugeuka palepale iliposimama, na itageuka.

Njia utapotea. Simu itakuambia majina ya barabara ambayo hapa hayatumiki na mtu. Ukiuliza, utaelekezwa kwa vitu: Kona Legio, Patel Flats, pale chini ya daraja la Kondele. Vingine havipo tena. Kwa miaka mingi Kachok palikuwa na jaa la taka la mji, karibu na uwanja wa Moi, na mgeni alielekezwa kwa pua: ukisikia harufu, kata. Taka zikaja zikaondolewa, tukashukuru, ila nina mgeni mmoja alizunguka robo saa akitafuta harufu. Na mtu akikuambia "ni hapo tu mbele," mwangalie kidevu. Kikinyanyuka kidogo ni karibu. Kikinyanyuka sana mpaka shingo inyooke, tia mafuta.

Jumapili usipite Kibuye kama hununui kitu. Soko linamwagikia hadi ukingo wa Jomo Kenyatta Highway, na utajikuta unaendesha gari baina ya marundo ya mitumba huku mwanamke anakupimia blauzi kupitia dirishani. Nina blauzi mbili nilizozipata namna hiyo. Si mbaya.

Sasa nikwambie kilichonisumbua kuliko mbuzi na boda. Nilipokuja kuolewa hapa mwaka 1978 nilikuwa na haraka ya pwani, ile ya kutaka kuiwahi feri Likoni. Watu wa Kisumu hawana haraka hiyo. Magari mawili yatakutana, moja linaenda mjini na jingine linarudi, yatasimama ubavu kwa ubavu katikati ya barabara, vioo vitashuka, na mazungumzo yataanza. Si salamu tu. Wataulizana mama, watoto, mvua ya Kano, Gor Mahia ilichezaje, harusi imefikia wapi. Nyuma yao foleni inajaa upande huu na upande ule, na wa foleni nao wanashusha vioo, wanaanza yao. Barabara hapa ni baraza iliyotiwa lami.

Mwezi ule alipofariki mume wangu nilikuwa natoka mjini kununua sukari na majani ya matanga, nimechoka, sijalala. Nikakuta mzee mmoja amesimamisha pikapu yake ya bluu mbele yangu, kiwiko dirishani, anaongea na dereva wa gari lililokuwa likija. Nikangoja. Nikangoja tena. Nikaweka kiganja juu ya honi na sikukitoa. Watu walitoka madukani kutazama.

Mzee akafungua mlango. Akashuka polepole, akavaa kofia, akatembea mpaka dirishani kwangu huku mimi natafuta maneno ya kumjibu. Akavua kofia. Akanipa pole ya msiba. Alikuwa amefanya kazi na marehemu, ametoka Kendu Bay tangu alfajiri, na pale alikuwa anamuuliza yule dereva njia ya kwangu. Mchango ulikuwa ndani ya bahasha mfukoni mwa shati. Akanipa palepale, kwa mikono miwili, honi bado inanilia masikioni.

Siku hizi honi yangu ni ya kusalimia. Fupi, mara mbili. Ndefu nimeiachia misafara.

Maana misafara utaiona, hasa Ijumaa na Jumamosi, maiti inapotolewa mochari kurudishwa nyumbani, Siaya, Bondo, Nyakach, huko kote. Mbele pikipiki zenye matawi ya miti, vijana wamesimama juu ya viti vyake, honi haikatiki, kisha gari la maiti, kisha mabasi. Watachukua upande wao na upande wako. Usihesabu nani ana haki ya njia. Weka gari pembeni, zima redio, ngoja mpaka basi la mwisho lipite. Anayejaribu kupenya hapo hapenyi. Nawe siku moja utakuwa ndani ya moja ya mabasi hayo, na utawatazama waliosimama.

Ziwa nalo lina mkono wake barabarani. Jua linatua upande wa maji, kwa hiyo ukitoka mjini kuelekea uwanja wa ndege na Otonglo baina ya saa 12 jioni na saa 12 na nusu, linaingia kiooni moja kwa moja na huoni boda, ng'ombe wala trafiki. Mimi huo muda nakunywa chai. Kisha kuna jioni utaona kama moshi mweusi umesimama juu ya ziwa, unainama, unakuja nchi kavu. Si moshi, ni wadudu wa ziwa, wadogo kama ufuta, mamilioni kwa mamilioni. Hawaumi, ila wanapenda taa. Funga vioo, na nakuusia kwa jina la bibi yako, usiwashe waipa. Ukiwasugua wakavu wanakuwa uji, kioo chote kinageuka ukuta. Simama, nyunyiza maji mengi, futa kwa kitambaa. Na njia ya Dunga usiku nenda taratibu, kwa kuwa kiboko hutoka majini kula majani, na kiboko hajui raundabauti. Mbele ya kiboko usipige honi, rudi nyuma, mwache amalize.

Haya, safari yenyewe. Lala Nairobi, usinifanyie ushujaa. Kutoka Nairobi mpaka huku ni kama kilomita 350, na usitoke kabla ya mwanga. Ukishapita Nakuru na Mau Summit utafika njia panda ya Londiani, na hapo sitakutania. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha njia pale likaingia kwenye watu waliokuwa wakingoja magari na akina mama waliokuwa wakiuza vitu kando ya barabara. Walikufa zaidi ya 50. Pita hapo kama unayepita mbele ya nyumba ya msiba, na lori lolote lililo nyuma yako lipishe. Kutoka Kericho ni kuteremka mpaka uwanda wa Kano. Shusha gia, gari lijizuie lenyewe, usilale juu ya breki. Ukisikia harufu ya kitu kinaungua na hakuna anayechoma mahindi, ni wewe. Simama zipoe.

Masikio yatakuziba kidogo, kisha joto litaingia, kisha mashamba ya mpunga ya Ahero. Umekaribia. Hapo ndipo utazikuta Probox. Probox ya huku inabeba wanne mbele, dereva akiwa mmoja wao, tena ndiye mwenye nafasi ndogo. Anabadilisha gia baina ya magoti ya mtu na kuomba radhi kila mara. Amekaa nusu kiti, kichwa kimetoka dirishani, na bado atakupita. Mwache. Utamkuta mbele kidogo, ametoa kitambulisho, anamweleza askari kwamba wale ni jamaa zake. Yaweza kuwa kweli.

Na ukitumwa kikazi njia ya Mamboleo kwenda Miwani na Chemelil, angalia trekta za miwa. Tela mbili nyuma, miwa imechomoza kila upande, taa hakuna. Mchana usiandamane nazo kwa karibu, kwa sababu watoto hurukia nyuma kuchomoa miwa na huanguka nayo. Usiku, usiende.

Gari utalikuta limekuwa jekundu kwa vumbi, na utaona watu wanakutazama. Huku gari chafu ni aibu ya familia, nyadhi, yaani mbwembwe, ni kitu kikubwa, mtu anaweza kukosa mafuta lakini rimu zing'ae. Nitakuonyesha kijana wa kuliosha. Usimpe funguo. Fundi mmoja niliyempa zangu kwa ajili ya breki alinirudishia gari baada ya siku mbili, na breki zilezile, na kilomita 90 zaidi, na punje za mchele kiti cha nyuma. Sikuuliza harusi ilikuwa ya nani.

Niletee halwa, na achari ya maembe ile ya Kibokoni, ifunge vizuri isimwagike. Ukifika Ahero nipigie, lakini simama kwanza. Nyumbani ukikata kona ya msikiti, kama utakuta gari jeupe limesimama katikati ya njia, kioo kimeshushwa, na foleni nyuma yake, usipige honi. Ni mimi, naongea na mtu.

Shangazi yako